Nusu Shari

Kwetu Uyole, hata mwezi wa kumi na moja,
alfajiri mdomo unatoa moshi kama chungu cha ugali
na mikono unaificha kwapani.
Mwili wangu umelelewa humo.
Jua ulikuwa unalijua kwa sifa tu,
kama mjomba aliyehamia mbali.

Daftari la Lwitiko limeandika:
Jumapili. Nusu. Chimala.
Na chini yake, kwa kalamu nyekundu:
usikimbie kwa hasira.

Tuliteremka na lori la viazi saa tisa usiku.
Inyala nikavua koti, Igurusi nikavua sweta,
Chimala nikashuka nimebaki na fulana
na namba mia tatu na sita.

Tangazo lilisema saa kumi na mbili.
Mgeni rasmi alifika saa mbili na robo
akahutubia kuhusu afya.
Jua lilimsikiliza mpaka mwisho,
limekaa mbele kuliko sisi sote.

Kilomita ya kwanza hadi ya saba sina la kusema,
miguu ilikuwa bado ya nyumbani.
Ya nane, mpunga kushoto, mpunga kulia,
maji yamelala majarubani kama bati jipya,
yote ya mpunga, hata tone si langu.
Wanawake waliokuwa wameinama wakipandikiza
wakanyooka, mmoja akapaza sauti:
"We mama, nani anakufukuza?"
Swali zuri. Sikuwa na pumzi ya kulijibu.

Mezani maji yalikuwa na joto
la kumwogeshea mtoto mchanga.
Lakini kijana mmoja wa skauti alikuwa na ndoo
na godoro kuukuu alilolikata vipande.
Nikakikamua kimoja utosini,
harufu ya usingizi wa mtu nisiyemjua
ikanishuka mgongoni, baridi.
Sijawahi kupewa kitu kizuri kama kile.

Kwenye kumi na nne saa ya mkononi ilianza kunitukana.
Niliivua nikaitia mfukoni.

Kwenye kumi na sita nilitembea.
Narudia, maana Lwitiko hataki uongo daftarini:
nilitembea.
Kutoka mkwajuni hadi nguzo ya umeme,
nikakimbia hadi nguzo ya pili,
nikatembea,
najipimia mwendo kama mtu anayepima chumvi
na chumvi yenyewe imenikaukia mashavuni,
nikilamba mdomo naionja safari nzima.

Wahenga walisema nusu shari kuliko shari kamili.
Shari kamili yangu iko Februari,
kilomita arobaini na mbili, kwetu, milimani, kwenye mvua.
Nilipoikumbuka nikacheka
na mdomo mkavu ukapasuka.
Wahenga hawakupita Chimala saa nne na nusu.
Joto halina nusu.

Nilifika.
Medali zilikuwa zimeanikwa mezani tangu asubuhi,
niliyovishwa ikaniunguza kifuani
nikaruka, watu wakadhani ni furaha.

Saa mbili, dakika hamsini na moja.
Mwaka jana, kwenye baridi, saa mbili na kumi na mbili.
Nilimtazama Lwitiko akiandika,
nikasubiri kalamu nyekundu.
Aliandika kwa ile ya bluu: Amefika.

Jioni, kabla ya supu, nilifungua ghala
nikapanda kwenye mizani ninayopimia viazi vya watu.
Hiyo mizani haina huruma, mimi mwenyewe ndiye niliyeirekebisha.
Pungufu kilo mbili na robo.
Nikasimama pale gizani, miguu inatetemeka,
nikiwaza zile kilo zilizobaki bondeni,
labda zimeingia mferejini,
labda yule mama aliyeniuliza
amezipandikizia mche.

Kesho yake Lwitiko akafungua ukurasa mpya:
Jumapili mbili zijazo. Nusu. Kyela.
Kyela, ambako hata kivuli kinatoa jasho.

Nikamwomba kalamu nyekundu, nikaandika mwenyewe:
aje na godoro.